Kompyuta ya nyumbani inataka mwenyewe

Kwetu hapa Tanga kila kitu cha ndani kina mwenyewe. Friji ni langu, nikikuta mlango umeachwa wazi nyumba nzima itanisikia. Redio ni ya baba watoto, baiskeli ni ya kijana wangu wa kwanza na mdogo wake haigusi bila kuomba. Lakini kompyuta, ile desktopu tuliyonunua mtumba mwaka 2019, ilikaa sebuleni miaka miwili haina mwenyewe, baba watoto anatungia mitihani, watoto wanaangalia katuni na kufanya kazi za shule, mimi naweka picha, wifi yangu akija anachomeka flashi yake anaandika barua, kila mtu anaitumia na akimaliza anaondoka zake. Ikiwa nzito tunasema imezeeka. Mi mwenyewe nilisema hivyo mara nyingi tu, na leo nataka nieleze kwa nini sisemi tena, maana mashine ni ile ile, Dell OptiPlex yenye prosesa, ule ubongo wa kompyuta, Core i5 ya kizazi cha 4, bado ipo mezani na inawaka chini ya nusu dakika.

Kilichonifungua macho ni hasara. Mwaka 2021 jioni moja umeme ulikatika na kurudi mara tatu ndani ya saa moja, na mimi nilikuwa nahamisha picha za harusi ya mdogo wangu kutoka kwenye memori kadi. Mara ya kwanza ukarudi nikawasha nikaendelea, mara ya pili nikawasha nikaendelea, mara ya tatu ikagoma. Asubuhi fundi akaja akainamisha sikio kwenye boksi akasema dada hebu sikiliza, nikasikia ka-ka-ka, kimya, ka-ka-ka, kimya. Ndani ya hadi diski kuna sahani zinazunguka, nyingi za desktopu zinazunguka mara 7200 kwa dakika, na juu yake kuna kichwa cha kusomea kinachoelea karibu kabisa na sahani bila kuigusa, sasa ukisikia mlio kama ule ujue kichwa kinatafuta njia hakiioni. Picha za harusi tulizipata tena kwa mpiga picha. Tusizozipata ni za marehemu baba, picha za mwaka 2016 pamoja na sauti yake niliyoirekodi akiwasimulia wajukuu habari za shamba la mkonge alikofanya kazi ujanani, dakika kama arobaini hivi. Zilikuwa sehemu moja tu duniani, kwenye diski ile.

Kuanzia hapo kompyuta ikawa yangu, kama friji.

Kwa hiyo naanza na bakapu, yaani nakala za akiba, kabla ya spidi, ingawa najua wengi wanatafuta spidi. Nina hadi diski ya nje ya 1TB, kila Jumamosi asubuhi nikishaanika nguo naichomeka, nanakili vilivyoongezeka wiki ile, naichomoa, inarudi kabatini. Usiiache imechomekwa siku zote. Kuna virusi vinavyofunga mafaili halafu vinadai pesa, vile vikiingia vinafunga na kila kilichounganishwa na mashine, na radi ikipiga inapita humo humo kwenye waya. Kila baada ya miezi mitatu nakala nyingine inaenda kwa mdogo wangu Muheza, maana mwizi akiingia ndani hawezi kuchukua kompyuta akaacha diski iliyo kabatini pembeni yake. Wapiga picha wana kanuni yao wanaiita 3-2-1, nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 ikae nje ya nyumba, na kwa mtu wa kawaida mwenye picha za wazazi wake sijaona kanuni bora kuliko hiyo.

Ila kuna jambo hakuna aliyeniambia na lilinipotezea mwezi mzima. Nilipoanza nilikuwa naburuta tu folda ya picha iliyokuwa kwenye skrini ya mbele naipeleka kwenye diski ya nje, inamaliza hapo hapo, nafurahi. Nikaenda Muheza nikaifungua kwenye laptopu ya shemeji, hakuna kitu. Nikabonyeza kitufe cha kulia cha mausi, nikachagua Properties, faili lina kilobaiti 2. Picha elfu tatu na ushee kwenye kilobaiti 2! Kumbe nilichokuwa nanakili ni njia ya mkato tu, yaani kile kibao kinachoelekeza nyumba ilipo, nyumba yenyewe haimo. Tangu siku ile sihesabu kuwa nimefanya bakapu mpaka nilinganishe ukubwa wa folda zote mbili, na nifungue picha mbili tatu kwenye mashine nyingine nizione kwa macho yangu.

Sasa umeme. Sisi tunanunua gadi ya friji bila hata kuambiwa, halafu kompyuta yenye maisha yetu yote ndani tunaichomeka kwenye ekstensheni moja na pasi. Nilinunua UPS ya 650VA, lile boksi lenye betri linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika. Usitegemee uendelee na kazi kwa hiyo, kwa desktopu inakupa dakika chache za kusevu na kuzima kistaarabu, na hizo dakika chache ndiyo faida yenyewe, maana kinachoharibu mafaili ni kukatika katikati ya kuandika. Watoto wanajua kwamba UPS ikianza kulia kila kitu kinasimama, unasevu, unazima, hata kama katuni imefika patamu. Umeme ukirudi hatuwashi hapo hapo, tunasubiri dakika kumi utulie kwanza, mara nyingi ukirudi unayumba unapanda na kushuka au unakatika tena. Na betri ya UPS nayo inachoka, ya kwangu ilidumu miaka mitatu na kidogo, kwa hiyo kila baada ya miezi michache nasevu kila kitu nafunga programu zote, nachomoa waya wa ukutani, naangalia inashika muda gani. Ikizima papo hapo ujue umebakiwa na boksi la mapambo.

Joto na vumbi ndipo nilipojifunza mengi zaidi. Nyumba nyingi za pwani, na ya kwangu ilikuwemo, tunapenda vitambaa vya kufuma, tivii ina kitambaa, redio ina kitambaa, na kompyuta nikaifunika na cha kwake kizuri kabisa cheupe kimeshuka mpaka nyuma, nyuma kule ndiko hewa ya moto inakotokea. Halafu ilikuwa chini sakafuni, karibu na dirisha, upepo wa bahari unaingia na chumvi yake, na kila ukifagia vumbi linakwenda kule kule.

Siku ya kwanza kuifungua sikuhitaji hata bisibisi, OptiPlex ile ina komeo, unalivuta na ubavu wote unatoka. Juu ya prosesa kuna chuma chenye mapezi mengi membamba, na juu yake feni. Kati ya feni na mapezi nikakuta blanketi. Siyo vumbi la kupuliza likaruka, hapana, vumbi lililojishona kama sufi ya mto, la kijivu, nikalivuta kwa vidole likatoka zima zima lina umbo la duara la feni, ukiliangalia vizuri unaona nywele zetu, nyuzi nyeupe za kile kitambaa changu, na mabawa ya kumbikumbi. Nikabaki nimelishika mkononi. Miaka miwili hewa ilikuwa inajaribu kupita humo. Na prosesa ikizidiwa na joto inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, hizi za Intel nyingi zinaanza kufanya hivyo zikikaribia nyuzi 100, kwa hiyo ule uzito tuliokuwa tunauita uzee sehemu yake kubwa ilikuwa ni mashine inayokosa pumzi.

Jinsi ninavyosafisha, na nafanya kila baada ya miezi minne kwa vumbi la kwetu: nazima, nachomoa waya wa umeme kabisa, nabonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ndani uishe, naitoa nje barazani. Nashika chuma cha boksi kwa mkono kabla ya kugusa chochote cha ndani, maana mwili nao una umeme wake wa kusuguana na vile vipande vidogo haviupendi. Natumia brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kutumika, na blowa ndogo, na nikipuliza feni naizuia kwa kidole isizunguke, ukiiacha ikazunguka kwa kasi ya upepo wa blowa unaiharibu. Kitambaa chenye maji hakiingii ndani hata kidogo. Kile chuma cha mapezi mi siking'oi, ukiking'oa lazima ufute ile pesti nyeupe iliyokauka juu ya prosesa na upake mpya, kazi hiyo namwachia fundi na niko pembeni naangalia. Kompyuta yenyewe sasa iko mezani, shubiri nzima kutoka ukutani, na kitambaa kinafunika skrini tu, usiku, ikiwa imezimwa.

Diski iliyokufa tuliweka SSD ya 240GB badala yake, na kama una uwezo wa kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya mashine ya zamani, nunua hicho. Haina sahani wala kichwa, hakuna kinachozunguka. Kabla ya hapo ilikuwa unawasha, unaenda kubandika chai, unarudi bado. Tuliongeza na RAM, ile memori ambayo kompyuta inafanyia kazi ikiwa imewashwa, kutoka 4GB hadi 8GB na kelele za watoto zikaisha. Angalizo, SSD usiifanyie difragi, ile kazi ya kupanga upya vipande vya mafaili, kama tulivyozoea kwenye diski za zamani, haina faida kwake na inaichosha bure, Windows ina namna yake ya kuitunza, iache. Na usiijaze pomoni, mi nikiona imebaki chini ya robo naanza kuhamisha video.

Kuna kimoja kilinishangaza sana. Watoto wanaizima kila usiku, nawaona kwa macho yangu, lakini ikawa tena inakwama kwama. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikafunguka, nikaenda kwenye Performance, chini pale pameandikwa Up time, na namba ya kwanza ni siku: 19. Siku kumi na tisa haijazimwa, na jana usiku imezimwa mbele yangu! Kumbe kuanzia Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, ukibonyeza Shut down inahifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili kesho iwake haraka, kwa hiyo haianzi upya, inaendelea ilipoishia pamoja na mikwamo yake. Restart ndiyo inayoanza upya kweli. Sasa Jumamosi baada ya bakapu lazima niiristati, na asilimia kubwa ya vile vijitatizo vya sauti imepotea, printa haionekani, mausi inaganda, vinaishia hapo bila fundi.

Humo humo kwenye Task Manager kuna sehemu ya Startup, inaonyesha programu zinazojiwasha zenyewe kila unapowasha kompyuta. Nilikuta kumi na nne. Zingine hatujawahi hata kuzifungua, ziliingia tu na vitu watoto walivyodaunlodi. Hauzifuti, unazizuia tu zisijiwashe, bonyeza jina, bonyeza Disable. Antivairasi iache, vya sauti na vya skrini viache.

Lakini ukizima leo kesho zinarudi kama kila mtu ndani ya nyumba ana uwezo wa kuingiza programu. Hapa ndipo neno mwenyewe lina maana. Zamani wote tulikuwa tunaingia kwa jina moja, lisilo na nywila, lenye mamlaka yote. Nikamfungulia kila mtu akaunti yake, mimi ninazo mbili, moja ya msimamizi na moja ya kawaida, ya baba watoto na za watoto ni za kawaida, mtu akitaka kuingiza kitu inamwomba nywila yangu, anakuja jikoni, ananiambia ni nini na kakitoa wapi. Baba watoto mwanzoni hakupenda, akasema mama nanihii sasa na mimi nitaomba ruhusa nyumbani kwangu? Nikamwambia hata mimi akaunti ninayotumia kila siku ni ya kawaida, ile ya msimamizi naingia nikiwa na kazi maalum tu. Akaelewa. Na ile michezo ya bure yenye vitufe kumi vya kijani vya kudaunlodi imeisha kabisa.

Virusi kwetu havikutoka intaneti, vilitoka kwenye flashi. Flashi inatoka stesheneri kuchapa mitihani, inarudi, unaifungua unakuta kila folda imegeuka njia ya mkato, ukibonyeza ili uone mitihani yako ndiyo unakaribisha kirusi ndani. Mafaili kwa kawaida hayajapotea, yamefichwa tu, usikubali mtu akwambie dawa ni kufomati kabla hajajaribu kuyafichua. Mi nilichofanya ni kutenga flashi moja ya stesheneri, nimeifunga uzi mwekundu, haina kitu kingine chochote zaidi ya hicho kinachokwenda kuchapwa leo, ikirudi inapitishwa kwenye antivairasi kabla ya kufunguliwa. Antivairasi yenyewe ni ile iliyokuja na Windows, Defender, ya bure, inatosha kabisa kwa nyumbani ikiwa inapata apdeti. Kuwa nazo mbili zinagombana na mashine inalemewa.

Jambo moja nalisema kwa uchungu. Kuna fundi mmoja, simtaji, alituwekea programu ya ofisi ya kukraki, yaani iliyovunjwa kufuli ili itumike bila leseni, na ili kraki ifanye kazi alizima Defender akaiacha imezimwa, hakutuambia. Tulikaa miezi saba mlango wazi. Kama huna hela ya leseni, LibreOffice ni ya bure na ni halali, inaandika barua, inafanya hesabu, inafungua mafaili ya Word. Fundi akishamaliza kazi kwako, kabla hajaondoka fungua Windows Security uangalie alama ni za kijani.

Apdeti najua zinaogopwa kwa sababu ya bando. Sisi intaneti yetu ni ya simu, na usipoangalia Windows inakula bando la wiki kwa jioni moja. Nimeiwekea ile alama ya kwamba intaneti hii ina kipimo, Metered connection, basi haijichukulii mizigo mikubwa bila mpango. Ila ukiweka hivyo ukasahau, apdeti nyingi zinakupita. Microsoft wanatoa za usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwa hiyo Ijumaa inayofuata mi nanunua bando la usiku, naondoa ile alama, naiacha ishushe, asubuhi naristati narudisha alama. Nani alikuwa anajali haya? Mwezi Mei mwaka 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta zaidi ya laki mbili duniani, hospitali za Uingereza zikawa zinaahirisha matibabu, na kiraka cha tundu lile Microsoft walikuwa wamekitoa tangu Machi, miezi miwili kabla. Kilikuwepo, watu hawakukiweka.

Na ndiyo maana sasa hivi kuna jambo halinipi usingizi mzuri. Mashine yangu ni ya Windows 10, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0, kichipu cha usalama, na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8, yangu ni ya 4, haikidhi, na zile njia za kuilazimisha sizitaki kwenye kompyuta yenye mitihani ya watu. Nimeiandikisha kwenye ule mpango wa kuongezewa apdeti za usalama, kwa watumiaji wa nyumbani unafika tarehe 13 Oktoba 2026, kujiandikisha kulikuwa bure kwa kuunganisha akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio ihifadhiwe huko. Kutupa mashine nzima kabisa kwa sababu ya tarehe siwezi. Kwa hiyo nimeweka Linux Mint, mfumo wa bure unaoweza kukaa badala ya Windows, kwenye flashi, uzuri wake inawaka kutoka kwenye flashi yenyewe unaijaribu bila kugusa kilichomo ndani. Inakuwa nzito kidogo ikiwa kwenye flashi, lakini printa iliitambua yenyewe, sauti ipo, video zinacheza, picha zote zilifunguka. Mtihani wa Kiswahili wa kidato cha pili nao ulifunguka, ila jedwali la maksi lilisogea kulia likatoka nje ya ukurasa. Baba watoto amesema kabla hajakubali anataka kulinyoosha mwenyewe aone kama linawezekana, kwa hiyo flashi nimemwachia juu ya kibodi.